Fundi Aliyeshindwa Kurudi Kinyumenyume: Uchambuzi wa Kisa cha Moshi wa Kuchomelea Vyuma Kisumu

Karakana iko upande wa Kibuye, Kisumu. Ni kibanda cha mabati cha mita 5 kwa 4, kimo chake mita 3, chenye mlango mmoja na bila dirisha. Mbele yake pana uwanja ambapo mageti, fremu za madirisha na masanduku ya wanafunzi hupangwa yangoje wateja. Kisa hiki ni cha mfano. Kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia katika karakana za namna hii, na hakimhusu mtu mmoja anayeweza kutambulika. Hesabu zilizomo fundi yeyote anaweza kuzirudia kwa vipimo vya kibanda chake.

Mhusika ana miaka 41 na amechomelea tangu akiwa na 25. Siku za jua hufanya kazi uwanjani. Mvua ya masika ikishika, kati ya Machi na Mei, huingia ndani. Usiku akikimbizana na oda pia huingia ndani na kuvuta mlango, kwa sababu majirani hulalamikia mwanga. Hutumia rodi za 6013 za milimita 2.5, karibu kilo moja kwa siku yenye kazi nyingi. Puani hufunga kitambaa. Jioni hunywa pakiti ya maziwa ili kuosha kifua, kama alivyofundishwa na fundi aliyemfunza kazi.

Dalili zilianza mbali na mikono. Usingizi ulipungua, na mtu aliyesifika kwa upole akaanza kugombana na wateja kwa jambo dogo. Harufu ya omena jikoni ikawa haimfikii. Vipimo alivyoandika kwa chaki juu ya chuma vikaanza kuwa vidogo, kila tarakimu ndogo kuliko iliyotangulia. Dalili iliyowashtua wenzake ilijitokeza katika kubeba. Geti zito hubebwa na watu wawili, na mmoja wao hulazimika kurudi kinyumenyume hadi kwenye gari. Huyu alianza kujikwaa na kuangukia mgongo kila zamu hiyo ilipomfikia. Msaidizi wake wa miaka 19 akaizoea hali hiyo kabla ya yeyote kuipa jina: "Fundi, wewe njoo ukiangalia mbele, mimi ndiye nitarudi nyuma."

Kurudi kinyumenyume ni jambo ambalo madaktari wa neva hulipima kwa makusudi mgonjwa anaposhukiwa kuwa na sumu ya manganisi, metali iliyomo kwenye moshi wa rodi, kwa kuwa uwezo huo huharibika mapema. Karakana ilikuwa imeshafanya kipimo hicho bila kujua.

Kabla ya hayo kulikuwa na miaka ya homa. Jioni za siku alizochomelea mabomba yenye zinki alipata baridi, misuli kuuma na ladha ya chuma mdomoni, na kesho kutwa yake akawa mzima. Kila mara alinunua dawa ya malaria na kila mara ikaonekana imefanya kazi. Hiyo ni homa ya moshi wa metali. Zinki ikiungua hutoa oksidi yake, mapafu yakawaka, homa ikaanza saa 4 hadi 10 baadaye na kuisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili, dawa imezwe au isimezwe. Kwa kuwa Kisumu ni eneo la malaria, homa yoyote ipimwe damu kwanza. Lakini kipimo kikikataa malaria mara ya pili na ya tatu, na kila mara ilikuwa siku ya mabati, mtu huyo ana jibu lake. Homa yenyewe haidhuru ubongo. Inachoonyesha ni kwamba moshi mwingi unaingia mapafuni, na moshi huo haubebi zinki peke yake.

Ncha ya rodi inapoyeyuka, sehemu ya chuma hugeuka mvuke. Mvuke ukikutana na hewa ya kawaida huganda papo hapo kuwa vichembe vya nanometa chache hadi makumi kadhaa, kisha vichembe hivyo hushikana kuwa minyororo mithili ya shanga. Unywele wa binadamu una unene wa nanometa 50,000 hadi 100,000. Chembe nano ni zile zilizo chini ya 100. Uzito ule ule wa vumbi, ukiugawa katika chembe za nanometa 20 badala ya mikrometa 2.5, unakupa chembe karibu milioni 2 mahali palipokuwa na moja, na eneo la nje linaongezeka mara 125. Kemia ya mwilini hufanyika kwenye eneo hilo la nje, ndiyo maana moshi mwepesi unaweza kudhuru kuliko vumbi zito la grainda linalojaa machoni.

Rodi ya 6013 hutoa moshi wa takriban gramu 20 kwa kila kilo inayoyeyushwa, na karibu gramu 1 ya huo ni manganisi. Viwango hivi vinatoka kwenye jedwali la shirika la mazingira la Marekani. Hebu tuviingize kibandani. Kilo moja kwa saa 8 ni miligramu 125 za manganisi kwa saa. Kibanda kina mita za ujazo 60. Mlango ukifungwa na hewa ikabadilika mara moja tu kwa saa, wastani unafika miligramu 2 kwa mita ya ujazo. Mlango ukiwa wazi na upepo ukavuma hata hewa ikabadilika mara 10 kwa saa, unashuka hadi 0.2. Kiwango kinachopendekezwa tangu 2013 na jumuiya ya wataalamu wa afya kazini ya Marekani, ACGIH, kwa manganisi laini inayofika ndani ya mapafu, ni 0.02. Kwa hiyo fundi aliyefungua mlango bado yuko mara 10 juu ya kiwango, na aliyeufunga yuko mara 100.

Na huo ni wastani wa chumba kizima. Yeye alichuchumaa juu ya kazi, geti likiwa limelala sakafuni, na moshi wa moto hupanda moja kwa moja. Pua yake ilikuwa katikati ya mkondo wenyewe. Hapa ndipo uzito wa kisa hiki ulipo: mahali pua ilipo kuhusiana na mkondo wa moshi huamua kiasi kinachoingia kuliko rodi aliyonunua au miaka aliyofanya kazi. Ili kuufikisha wastani wa chumba kwenye 0.02 kwa kubadilisha hewa tu, ungehitaji mita za ujazo 6,250 kwa saa, yaani hewa yote ya kibanda ibadilike zaidi ya mara 100 kila saa. Hakuna mlango wala dirisha la Kibuye linaloweza hivyo.

Chembe hizo hufikaje kwenye ubongo? Njia ya kwanza ni pua. Juu kabisa ya tundu la pua, miisho ya neva za kunusa imekaa wazi kwenye hewa, na nyuzi zake hupenya mfupa mwembamba hadi sehemu ya ubongo inayopokea harufu. Hapo hakuna kizuizi cha damu na ubongo, yaani ukuta unaochuja vinavyotoka kwenye damu kwenda kwenye ubongo, cha kuvuka. Mwaka 1970 De Lorenzo alionyesha kwa nyani wadogo kwamba chembe za dhahabu za nanometa 50 husafiri ndani ya nyuzi hizo. Mwaka 2004 kundi la Günter Oberdörster katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, lilifuatilia chembe za kaboni za nanometa 36 hivi hadi kwenye sehemu hiyo ya ubongo wa panya. Mwaka 2006 Alison Elder na wenzake wa hapo hapo wakatumia oksidi ya manganisi ya nanometa 30. Baada ya siku 12 manganisi katika sehemu hiyo ilipanda mara 3.5. Walipoziba tundu moja la pua, manganisi iliongezeka upande wa tundu lililo wazi peke yake. Matokeo hayo ya mwisho ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu damu hufika pande zote mbili sawasawa. Kama njia ingekuwa damu, pande mbili zingefanana.

Hata hivyo si haki kumhamishia mtu matokeo ya panya yakiwa mazima. Karibu nusu ya utando wa pua ya panya ni wa kunusa, na kwa binadamu ni kama asilimia 5. Panya hupumulia puani tu, ilhali fundi anayeinua chuma hupumua kwa mdomo wazi. Njia ya pua kwa binadamu ipo, lakini huenda si ndiyo kuu. Njia ya pili ndiyo inayotubana zaidi: chembe za nanometa 20 hutua kwa wingi ndani kabisa ya mapafu, manganisi ikayeyuka na kuingia kwenye damu. Manganisi ya chakula, hata ya chai ambayo ina nyingi, hupita kwanza ini, na ini hutoa ziada kwa nyongo. Ya mapafuni huufikia ubongo kabla ya ini kuigusa. Kuvuka kizuizi cha ubongo haisumbuki, kwani hupanda vibebea (protini za kusafirisha) vile vile vya madini ya chuma.

Hili la vibebea lina maana kubwa Magharibi mwa Kenya. Mwili wenye upungufu wa madini ya chuma huongeza vibebea hivyo ili kuokota kila chuma kinachopita, na manganisi huokotwa pamoja nacho. Mhusika wetu alipopimwa, hemoglobini ilikuwa 11 na akiba ya madini ya chuma ilikuwa chini. Kwa mwanamume wa umri huo 13 ndiyo ya chini kabisa inayokubalika. Malaria ya mara kwa mara hushusha damu, na minyoo ya safura huiba chuma chenyewe. Mafundi wawili kwenye moshi mmoja, mmoja ana damu na mwingine hana, hawabebi mzigo sawa.

Watu huuliza pia kuhusu chembe za sumaku. Mwaka 2016 Barbara Maher wa Lancaster, Uingereza, na wenzake walichunguza ubongo wa watu 37 waliofariki Mexico City na Manchester, wakakuta chembe nano za magnetaiti zenye umbo la mviringo laini, umbo ambalo chuma hupata kikiyeyuka kwa joto kali na kupoa. Moshi wa kuchomelea na breki za magari hutoa chembe za namna hiyo. Kuziona ni jambo moja, kuthibitisha kwamba zinaleta Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ni jambo jingine, na hilo la pili halijathibitishwa. Kwa fundi huyu hatuhitaji kwenda huko. Manganisi inatosha kueleza kila dalili, na ushahidi wake ni wa zamani. James Couper alieleza wasagaji wa madini ya manganisi huko Uskoti walioishiwa nguvu za miguu mwaka 1837. Mwaka 2007 Rosemarie Bowler na wenzake walieleza matatizo ya neva na akili kwa wachomeleaji 43 waliofanya kazi ndani ya nafasi finyu za daraja la San Francisco na Oakland. Miaka 10 baadaye Brad Racette wa St. Louis na wenzake, wakifuatilia wachomeleaji 886, walikuta kwamba dalili zinazofanana na za Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaokakamaza mwili, zilizidi kadiri manganisi ilivyozidi.

Kliniki ndiyo sehemu ambapo kisa kama hiki hupotea kirahisi. Mtu mkali asiyelala hupewa dawa za akili kama haloperidoli au kloropromazini, na dawa hizo zenyewe hukakamaza mwili. Baada ya hapo hakuna anayeweza kutenganisha dawa na moshi. Kwa hiyo swali la kwanza liwe la dawa alizomeza, metoklopramidi ya kichefuchefu ikiwemo. La pili ni kazi: rodi gani, ndani au nje, saa ngapi kwa siku, mwaka gani alianza. Kisha mwendo. Huyu alitembea kwa vidole kama jogoo, viwiko vimekunjwa, uso hausogei, sauti imeshuka, pande zote mbili sawa, na mikono haikutetemeka ikiwa imepumzika. Parkinson ya kawaida huanza upande mmoja, na mara nyingi kwa kutetemeka mkono ukiwa umetulia. Pia husikia vizuri levodopa, dawa yake ya kawaida. Sumu ya manganisi haisikii, au husikia kidogo kisha dawa ikachoka.

Kipimo cha damu cha manganisi kina mitego. Huonyesha siku na wiki za karibuni, hakionyeshi miaka 16. Damu ichukuliwe kwa chupa maalumu ya madini adimu, fundi akiwa ameoga na kubadilisha nguo, la sivyo utapima vumbi la ngozi yake. Kawaida ni mikrogramu 4 hadi 15 kwa lita, na mtu mgonjwa anaweza kuwa ndani ya hapo kabisa. MRI, picha ya ubongo inayopigwa kwa mashine ya sumaku, huonyesha mng'ao pande zote mbili kwenye kiini cha ndani kiitwacho globasi palidasi, kwa picha za aina ya T1. Mng'ao huo hufifia ndani ya miezi 6 hadi 12 baada ya kuacha kazi, kwa hiyo picha ipigwe mapema. Fundi anayeambiwa "kaa nyumbani mwaka mmoja kisha tukupige picha" anapoteza ushahidi wake. Ugonjwa wa ini hutoa picha ile ile, maana ini ndilo linalotoa manganisi nje. Ndiyo sababu kipimo cha ini na cha hepataitisi B ni vya lazima kabla ya kuulaumu moshi.

Matibabu ni kutoka kwenye moshi. Dawa za kufungasha metali kama EDTA huongeza manganisi kwenye mkojo, lakini mwendo wa mgonjwa haurejei kwa uhakika. Upungufu wa damu utibiwe mara moja, minyoo nayo, kwani hapo tuna nafasi ya kweli. Inauma kuyasema haya kwa mtu wa miaka 41, ila asidanganywe: dalili zinaweza kuendelea hata baada ya kuacha, na maziwa hayakumlinda hata siku moja. Maziwa huenda tumboni, nayo manganisi iliingilia mapafuni na puani. Chakula kizuri kwa fundi ni haki yake. Kikitolewa badala ya kinga, kinamnyima kinga.

Karakana yenyewe inaweza kurekebishwa kuanzia kesho, na hatua ya kwanza haina gharama kubwa. Geti lipandishwe kwenye stendi za sentimita 80 hadi 90, fundi asimame, mkono unyooke, kichwa kikae kando ya mkondo. Ngao ya uso ishuke chini ya kidevu, kioo namba 10, maana inageuza sehemu ya moshi. Miwani ya jua hailindi macho wala haigeuzi moshi.

Upepo wa ziwani Kisumu huanza kuvuma mchana kuja mjini, na wengi huupa mgongo wakidhani utapeleka moshi mbele. Hapo wanakosea. Upepo ukigonga mgongo huzunguka mwili na kuacha kisulisuli mbele ya kifua, nacho huvuta moshi kurudi usoni. Simama upepo ukupige ubavuni.

Umeme wa rodi ya milimita 2.5 uwekwe ampea 70 hadi 80. Wengi hupandisha hadi 100 ili rodi iende haraka, na moshi huongezeka pamoja nayo. Urefu wa cheche usizidi unene wa rodi. Zinki na rangi vikwanguliwe sentimita 5 pande zote za mshono kabla ya kuwasha.

Kazi ya ndani haina budi kupata mvuto wa hewa karibu na mshono. Feni ya mezani inayopuliza chumbani huchanganya moshi tu, na hata ikifungwa kwenye bomba haina nguvu ya kusukuma hewa. Inahitajika bloa ya kuzungusha, aina ya ile ya wafua vyuma lakini kubwa zaidi. Mdomo wa bomba la sentimita 15 ukiwa sentimita 20 kutoka kwenye mshono, na tukitaka hewa ikimbie nusu mita kwa sekunde pale penye moshi, bloa ivute mita za ujazo 0.21 kwa sekunde, sawa na 756 kwa saa. Mdomo huo huo ukiusogeza hadi sentimita 40, inatakiwa 0.81, karibu mara 4. Hapa ndipo mitambo mizuri hushindwa: bomba hufungwa ukutani, fundi akasogea na geti, mvuto ukabaki nyuma. Bomba liwe la kupinda na liwe na mguu wake, lisogezwe kila mshono mpya. Mwisho wake utoke juu ya paa, usielekee kwa mama muuza chapati.

Barakoa inakuja mwisho, ila ni muhimu. Chembe ndogo kabisa hazipiti kirahisi kwenye FFP2 au N95, kwani hutangatanga hadi zikagonga uzi na kunasa. Zinazopenya zaidi ni za nanometa 50 hivi, na hata hizo barakoa halali huzikamata nyingi. Udhaifu mkubwa uko pembeni, pale uso usipoguswa vizuri. Ndevu hufungua njia hiyo, na kitambaa hakizuii moshi huu vya kutosha.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu kila mahali mtu anapofanya kazi, jua kali ikiwemo, na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo hutambua magonjwa ya kazi. Fidia huhitaji ushahidi wa kazi na wa ugonjwa: daftari la oda, stakabadhi za rodi, picha ya kibanda, na MRI iliyopigwa mapema.

Msaidizi wa miaka 19 amevuta moshi ule ule kwa miaka 2, akiwa ameshika chuma upande wa pili. Yeye apimwe sasa akiwa hana dalili: hemoglobini na akiba ya madini ya chuma, ini, uwezo wa kunusa, hatua 10 za kurudi kinyumenyume mtu akiwa nyuma yake wa kumdaka, na sentensi moja aiandike kwa mkono mara 5 kwenye daftari la karakana. Baada ya miezi 6 aandike tena chini ya ile ya kwanza, herufi zilinganishwe kwa rula.